"Get" si "pata" kila mara: mwongozo wa kulisoma na kulitumia hatua kwa hatua

Wanaoanza Kiingereza wana swali moja lisilokoma: "get" maana yake nini? Anayeuliza huwa kishaambiwa ni "pata", akalishika hivyo, kisha akakutana na "get up", "get lost" na "it's getting dark", na "pata" ikagoma kuingia. Akifungua kamusi anakuta maana zimejaa ukurasa, anaifunga.

Mwongozo huu hauna orodha ya kukariri. Utajifunza kuangalia neno linalokaa baada ya "get", maana hilo ndilo linaloamua kila kitu. Lichukulie "get" kama kiambishi katika kitenzi cha Kiswahili: peke yake halina uzito, likibandikwa ndipo kazi yake inaonekana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ukurasa mmoja wa Kiingereza cha mazungumzo: maandishi ya chini ya filamu, mahojiano au ujumbe wa simu. Usichukue taarifa ya serikali wala mkataba. Humo "get" ni adimu.
- Penseli na daftari.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Ile ya Kiingereza na Kiswahili ikae karibu, lakini isiwe ya kwanza kufunguliwa.
- Uwezo wa kutofautisha nomino, kivumishi na kihusishi. Ukijua kwamba "tired" ni kivumishi na "up" si kitenzi, inatosha.
- Saa moja isiyo na kelele.

Hatua ya 1: Lijue kwa sura zake zote

Sura ni tano: get, gets, getting, got, gotten. "Getting" ina t mbili. "Getted" haipo popote.

Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule za Tanzania na Kenya zinakifuata, huenda get, got, got. Wamarekani husema get, got, gotten: "Prices have gotten higher". Kwenye mtihani andika "got". (Gotten si kitu walichobuni Wamarekani. Waingereza walikuwa nalo wakaliacha, na mabaki yake bado yamo ndani ya "forgotten".)

Matamshi nayo yaangalie. Sauti ya e ni fupi. Ukiivuta unakuwa umesema "gate", neno ambalo sisi tumeshalifanya "geti", na msikilizaji ataangalia mlango.

Hatua ya 2: Tenga "have got" kabla ya kitu kingine

Pitia ukurasa wako, pigia mstari kila "have got", "has got", "I've got", "she's got", kisha uziweke kando. Hizi hazihusiani na kupata. Maana yake ni "-na" ya kumiliki: "I've got two brothers" ni "nina kaka wawili". Asiyejua hili huielewa sentensi hiyo kana kwamba kaka hao wamezaliwa juzi.

"Have got to" ni "lazima": "I've got to go" ni "lazima niende". Ukisikia "gotta", ni hiyohiyo imefupishwa mdomoni. Isemwe, isiandikwe kwenye kazi ya shule.

Makosa mawili hapa yanajirudia sana. La kwanza ni "Do you have got a pen?" Chagua moja: "Have you got a pen?" au "Do you have a pen?" La pili ni kuipeleka wakati uliopita, "I had got a bicycle when I was young". Sema tu "I had a bicycle".

Hatua ya 3: Angalia neno linalofuata

Kwa kila "get" iliyobaki, zungushia duara neno linaloifuata, kisha nenda kwenye hatua yake:

- nomino au kiwakilishi: hatua ya 4
- kivumishi: hatua ya 5
- mahali: hatua ya 6
- kitenzi cha umbo la tatu, kama "paid" au "stolen": hatua ya 7
- mtu au kitu, kisha kitenzi: hatua ya 8
- "to" na kitenzi: hatua ya 9
- neno dogo kama up, off, over, by: hatua ya 10

Hatua ya 4: Get na nomino

Hapa ndipo "pata" inapoishi, lakini haiishi peke yake. Jiulize: kitu kimekujia, au umekifuata?

Kikikujia, ni kupata au kupokea: "I got a letter". Kama umekilipia, ni kununua: "I got these shoes in Kariakoo". Kama unakifuata ili umpe mtu, ni kuleta au kuchukua: "Get me some water" ni "niletee maji", na "I'll get the children from school" ni "nitawachukua watoto shuleni". Ugonjwa ni kuugua au kupatwa. Basi ni kupanda: "Let's get a bus". Utani au hoja ni kuelewa: "I don't get it" ni "sielewi". Mtu akibisha hodi mwenzako akasema "Can you get the door?", anataka ukafungue, simu ikilia, "Can you get that?" ni "pokea".

Onyo la kwanza: "Get for me water" limetapakaa Afrika Mashariki nzima, na chanzo chake ni "niletee", yenye kauli ya kutendea ndani yake. Kiingereza humweka mtu mara tu baada ya kitenzi, bila "for": "Get me some water". Ukitaka "for", ipeleke mwisho: "Get some water for me".

Onyo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la safari ya kurudi. Tukitoka kwenye Kiswahili, si kila "pata" inakuwa "get":

- kupata ajali: "have an accident". "He got an accident" inaeleweka kwetu, lakini si Kiingereza sanifu.
- kupata mtoto: "have a baby". Kupata mimba, hata hivyo, ni "get pregnant".
- kupata hasara, kupata faida: "make a loss", "make a profit"
- kupata shida: "have problems". "Get into trouble" ni kuingia matatani, mara nyingi kwa kosa lako.
- kupata chakula cha mchana: "have lunch". "Get lunch" zaidi ni kwenda kukitafuta au kukinunua.
- kupata nafuu: "get better"
- kupata usingizi: "get to sleep", ukisinzia bila kutarajia, ni "fall asleep"

Hii ndiyo orodha pekee humu inayostahili kunakiliwa daftarini, kwa sababu ndiyo inayotutoa ushamba mbele ya wasikilizaji wa nje.

Hatua ya 5: Get na kivumishi

Hapa futa "pata" kabisa. "Get" na kivumishi maana yake ni kuingia katika hali, na Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi kimoja kinachomaliza kazi: get tired ni choka, get angry ni kasirika, get drunk ni lewa, get fat ni nenepa, get thin ni konda, get old ni zeeka, get wet ni lowa, get rich ni tajirika, get ready ni jiandaa. Maneno mawili yao, moja letu.

Tatizo ni wakati. "Nimechoka" ina -me-, kwa hiyo mwanafunzi huandika "I have tired" au "I have got tired". Lakini -me- hapa inaeleza hali uliyonayo sasa, na Kiingereza huitaja hali hiyo kwa "be". Pima kwa sentensi tatu:

- Nimechoka: "I'm tired".
- Nilichoka tukapumzika: "I got tired and we rested".
- Naanza kuchoka: "I'm getting tired".

Jaribu hivyohivyo na kasirika: amekasirika ni "he's angry", alikasirika ghafla ni "he suddenly got angry". Ukiweza kuingiza "anza ku-" bila kuharibu maana, "getting" inafaa. Kwa jambo linaloongezeka tunatumia "zidi". Wao wanatumia "getting" na kivumishi cha kulinganisha: bei inazidi kupanda, "prices are getting higher". Hali yake inazidi kuwa mbaya, "he's getting worse".

"Get married" ina mitego yake. Kiswahili kinagawa: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiingereza hakigawi, wote wawili "get married". Kwa hiyo "she was married by Juma", tafsiri ya "aliolewa na Juma", inamfanya Juma awe padri au kadhi aliyefungisha ndoa. Sema "she got married to Juma" au "she married Juma". Kihusishi ni "to", si "with". Na ukitumia "marry" peke yake, kihusishi hakihitajiki kabisa.

"Get used to" ni kuzoea, na baada yake kitenzi kinachukua -ing: nimezoea kuamka mapema ni "I've got used to waking up early". Hiyo "to" ni kihusishi, si "ku-". Ukiandika "used to wake up" umesema ulikuwa ukiamka mapema zamani na siku hizi umeacha.

Hatua ya 6: Get na mahali

Ni kufika. "We got to Dodoma at noon". Weka "to" kabla ya jina la mahali, ila si kabla ya home, here na there: "get home", "get here", "get there". "Get to home" ni kosa, na "reach at home" pia ni kosa.

Hatua ya 7: Get na kitenzi cha umbo la tatu

Ni kauli yetu ya kutendwa, ile ya -w-: got arrested ni alikamatwa, got paid ni alilipwa, got robbed ni aliibiwa. Mara nyingine ni kauli ya kutendeka: got stuck ni alikwama, got lost ni alipotea.

Kuna tofauti gani na "was arrested"? "Get" ni ya mazungumzo, na hupenda matukio yanayompata mtu, hasa ya ghafla au mabaya. Kwenye taarifa ya polisi au barua, rudi kwenye "was". Na usiitumie kwa vitenzi vya hali ya kudumu: anapendwa na wote ni "he is loved by everyone", kamwe si "he gets loved".

Hatua ya 8: Get, mtu au kitu, kisha kitenzi

Miundo miwili, usiichanganye.

*Mtu, kisha "to" na kitenzi*, ni kumfanya au kumshawishi atende: "I got him to help me" ni "nilimshawishi anisaidie". "To" haikosekani. "Make" na "have" hazina "to" ("I made him help me"), na mkanganyiko ndiko unakoanzia. Muundo huu unakubali hata vitu: "I couldn't get the car to start" ni "gari lilikataa kuwaka".

*Kitu, kisha kitenzi cha umbo la tatu*, ni kufanyiwa kazi na mwingine: "I got my phone fixed", yaani nilitengenezewa na fundi. Sisi husema "nimenyoa" hata kama mkasi ulishikwa na kinyozi, na wote tunaelewana. Kiingereza hakielewi hivyo. "I cut my hair" ni umejinyoa mwenyewe mbele ya kioo. Kama ulikwenda kwa kinyozi, sema "I got my hair cut". Vivyo hivyo kwa nguo zilizoshonwa na fundi na gari lililooshwa na vijana wa barabarani.

Hatua ya 9: Get, "to" na kitenzi

Ni kupata nafasi au bahati: "I got to meet the coach" ni "nilibahatika kukutana na kocha". Tofautisha na hatua ya 2:

- "I get to go": nimepata nafasi ya kwenda, nafurahi.
- "I've got to go": lazima niende, nipende nisipende.

Katika usemi wa haraka wa Kimarekani "have" humezwa, unabaki na "I got to go". Hapo muktadha ndio utakaokuamulia. Kama anashika mkoba na kuelekea mlangoni, ni lazima. "Get to know" iweke peke yake: ni kumfahamu mtu kidogokidogo.

Hatua ya 10: Get na neno dogo

Anza na vyombo vya usafiri, kwa kuwa utavihitaji leo. Kiswahili kina panda na shuka tu. Kiingereza huuliza: ndani mnaweza kusimama na kutembea? Kama ndiyo, "get on" na "get off": basi, treni, ndege, kivuko. Unachokikalia kwa kutanua miguu, kama baiskeli na bodaboda, nacho ni "on" na "off". Kama ni cha kuinama na kuingia moja kwa moja kwenye kiti, "get in" na "get out of": teksi, gari dogo, bajaji. Daladala na matatu utasikia zote mbili, usihangaike. "Get down from the car" ni "shuka" iliyovishwa nguo za Kiingereza, iache.

Zinazofuata jifunze tatu kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yako mwenyewe:

- get up: inuka kitandani. Kufumbua macho ni "wake up". Unaweza kuamka saa kumi na mbili ukainuka saa mbili.
- get along: elewana, patana. Kwa mara moja "pata" imerudi, lakini katika kauli ya kutendana.
- get by: kusukuma maisha, kupata cha kutosha siku tu
- get over: kupona ugonjwa au maumivu ya moyo
- get through: kumpata mtu kwa simu. "I couldn't get through" ni ile hali ya namba kutopatikana. Pia ni kuvuka kipindi kigumu.
- get back: kurudi, au kurudishiwa kitu
- get rid of: kuondoa, kutupa, kuachana nacho kabisa
- get away with: kufanya kosa likapita bila adhabu. Usitafute neno moja la Kiswahili, halipo.

Usikisie maana kwa kujumlisha maneno mawili. "Get" na "over" tofauti tofauti havitakufikisha kwenye "pona".

Ukikwama

*Neno linalofuata ni nomino, lakini "pata", "leta" na "nunua" zote hazikai.* Soma mbele zaidi, huenda kuna neno dogo limejificha baada ya nomino. "Get the lid off" ni "toa kifuniko". "Get your shoes on" ni "vaa viatu". Kitu pamoja na neno dogo ni kukifanya kitu kiende huko.

*Sentensi ina maana mbili.* Tazama kinachofuata neno dogo. "I get off at Mwenge" ni "nashuka Mwenge". "I get off at five" ni "natoka kazini saa kumi na moja". Mahali ni kushuka, saa ni kutoka kazini. Na kumbuka kugeuza saa; wengi hupatia "get off" kisha wakaandika saa tano.

*Hakuna kinachofuata zaidi ya "it" au "you".* "Got it" ni "nimeelewa", au "nimekishika" kama umerushiwa kitu. "Got you" inaweza kuwa nimekuelewa, nimekukamata au nimekutania. Angalia uso wa msemaji.

*Nasoma vizuri lakini filamu sizielewi.* Wamarekani huilainisha t iliyo katikati ya irabu mbili, ikasikika karibu na r yetu: "get it" inakuwa kama "gerit", "get up" kama "gerap". Sikiliza kipande cha sekunde 30 mara tano huku maandishi yako mbele yako, kisha mara ya sita bila maandishi.

*Natafsiri "get well soon" inakuwa kichekesho.* Sema "ugua pole". Ukiirudisha hiyo kwenye Kiingereza neno kwa neno, utakuwa umemtakia mtu ugonjwa wa polepole.

*Insha yangu inarudi na mistari myekundu kila penye "get".* Mara nyingi kosa si la sarufi. "Get" ni neno la mazungumzo. Katika barua ya kuomba kazi, ripoti au insha, weka kitenzi mahususi: "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata kwa juhudi, "buy" kwa kununua, "become" kwa kuingia katika hali, "arrive" kwa kufika, "understand" kwa kuelewa. Angalia "arrive" isikuponze: ni "arrive in Dodoma", "arrive at the station", si "arrive to". Ila usizifute "get" zote. "Get married" na "get used to" zinakubalika hata kwenye maandishi rasmi, na "become used to waking up early", ingawa ni sahihi, husomeka kama suruali iliyopigwa pasi mara tatu.